Kama ordinateri haijui, isiseme «hapana»: neno «kama» ndani ya hesabu ya mushahara



Kila mwisho wa mwezi, kwenye mulango ya biro ya mishahara kunasikilika ulizo moja: «Masaa yangu ya kuzidi iko wapi?» Na jibu nayo ni moja: «Ordinateri njo imehesabu.» Mutu anarudia nyumbani na bulletini yake mukononi. Bibi anaangalia franga, anaangalia minervale ya batoto, na maneno inaishia pale. Juu batu bengi banaamini kama ordinateri haikosi.

Kwa kujumulisha na kuzidisha, ni kweli, haikosi. Lakini ordinateri haina sheria yake yenyewe. Inafuata paka maneno yenye mutu aliiandikia. Na kati ya ile maneno kuko moja ndogo sana yenye kuamua nani atalipwa na nani hatalipwa: neno «kama». Leo tufungue ile neno, tuone ndani yake kuko nini. Haiombe diplome ya injinieri. Mutoto mwenye kusoma enformatiki kwenye masomo ya sekondari anaweza kuandika mistari kumi na kuikagua pamoja na baba yake. Mutoto analeta lugha ya mashini, baba analeta sheria ya kazi.

Sheria kwanza, mashini nyuma

Tuanze na kitu yenye kila delege anapashwa kujua. Kodi ya kazi ya inchi yetu, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, yenye ilirekebishwa mwaka 2016, inasema kazi ya kawaida haiwezi kupita masaa 45 kwa juma, wala masaa 9 kwa siku. Yenye kupita 45 inalipwa na nyongeza: 30 kwa mia kwa masaa 6 ya kwanza, 60 kwa mia kwa masaa yenye kufuata, na 100 kwa mia kwa masaa ya siku ya mapumziko ya juma. Konvansio ya kompani inaweza kutoa mingi kupita pale, na kazi ya baposti yenye kufuatana muchana na usiku iko na kanuni zake. Kwa hiyo musome konvansio yenu mbele ya kuhesabu.

Tuchukue mufano. Tuseme mutu mumoja analipwa franga 2.000 kwa saa. Juma hii ametumika masaa 52 na nusu, bila kugusa siku yake ya mapumziko. Amezidisha masaa 7 na nusu. Masaa 6 ya kwanza inalipwa 2.600 kila moja: 15.600. Saa moja na nusu yenye kubakia inalipwa 3.200 kwa saa: 4.800. Jumla, franga 20.400 kwa juma moja. Ile ni unga wa bukari, ni mafuta, ni kalamu na kaye za batoto.

Sasa angalieni ile sheria imejengwa namna gani. Kama masaa imepita 45, lipa nyongeza. Kama hapana, lipa mushahara ya kawaida. Iko na njia panda moja, na kwa kila mutu mashini inachagua upande mumoja.

Skripti ni karatasi ya amri

Kuko programu yenye banaita sheli. Kazi yake ni kupokea amri yenye mutu anaandika na kuipeleka kwa mashini. Ukiandika amri nyingi ndani ya fishie moja, mustari kwa mustari, ile fishie inaitwa skripti. Ni sawa vile shefu wa ekipi anaandika kazi ya posti kwenye tablo: ya kwanza hii, kisha hii, na kama jambo fulani limetokea, mufanye vile.

Sheli yenye ilizaa zingine nyingi iliandikwa na Stephen Bourne, wa Bell Labs kule Marekani, na ilitoka mwaka 1979. Mwaka 1989 Brian Fox alitoa ingine yenye kufuata njia yake, jina bash. Bash haiuzishwe. Iko ndani ya ordinateri za Linux, na hata simu ya Android inaweza kuipata kwa njia ya programu Termux, bila kulipa kitu. Ordinateri ya zamani yenye kulala kwenye biro ya sendika inatosha.

Ndani ya bash, njia panda yetu inaandikwa hivi:

if [ "$saa" -gt 45 ]; then
    echo "$jina: lipa nyongeza"
else
    echo "$jina: hakuna nyongeza"
fi

Tusome polepole. «If» ni «kama». «Then» ni «basi». «Else» ni «kama hapana». «$saa» ni kisanduku chenye namba ya masaa, na «$jina» ni kisanduku chenye jina ya mutu. «-gt» maana yake «ni kubwa kupita». «Echo» ni kusema, kuandika kwenye ekra. Na «fi» ya mwisho? Ni «if» yenye kugeuzwa kisogo. Bourne alizoea lugha ingine ya ordinateri, ALGOL 68, yenye kufunga mulango na neno ile ile yenye iliufungua, lakini kwa kinyume. Ukisahau «fi», sheli inabaki kungojea, haijui kama maneno yako imeisha.

Jambo ingine yenye kusumbua bengi: nafasi. Ile kabano «[» si mapambo. Ni amri kamili, sawa vile «echo» ni amri. Kwa hiyo lazima uache nafasi nyuma yake, na mbele ya ile yenye kufunga. Ukiandika «["$saa"» bila nafasi, sheli inatafuta amri yenye jina ingine kabisa, haiipate, inagomba.

Majibu ni tatu, njia ni mbili

Hapa njo moyo wa maneno yangu, ninaomba musikilize vizuri.

«If» yenyewe haiangalie namba hata moja. Inatuma «[» iende kuangalia, kisha inangojea irudi na jibu. Jibu ni namba. Sifuri maana yake «ndiyo». Moja maana yake «hapana». Lakini kuko jibu ya tatu: mbili, maana yake «sikuelewa ile ulizo». Na «if» iko na milango miwili tu. Sifuri inaingia kwa «then». Jibu ingine yote, ikuwe moja ao mbili, inaingia kwa «else».

Muone sasa. «Mutu huyu hakuzidisha masaa» na «sijui mutu huyu alifanya masaa ngapi» zinapita mulango mumoja. Na kwenye ile mulango tumeandika: «hakuna nyongeza».

Ninyi batu wa chini ya udongo munajua kama vile haiwezekani. Kisha kupiga baruti, mutu anapima hewa mbele ekipi irudie. Kama hewa ni mubaya, hakuna mutu anaingia. Kama hewa ni muzuri, ekipi inaingia. Na kama mashini ya kupima imezimika? Shefu mwenye akili hasemi «haikuonyesha gazi, basi muingie». Anasema «mungojee, tulete ingine». Kutokujua haiko ruhusa. Sasa kwa nini kwenye hesabu ya mushahara kutokujua inakuwa «hapana»?

Virgule yenye kula masaa

Mutauliza: ordinateri inaweza kukosa kuelewa namba namna gani? Ni rahisi sana, na hapa kwetu ni rahisi kupita kwingine.

Siye tumesoma kwa Kifaransa. Masaa makumi tano na mbili na nusu tunaandika 52,5, na virgule. Lakini ile kabano ya sheli inajua paka namba nzima. Ukiipa 52,5 inagomba kama ile si namba, inarudisha jibu ya mbili, na «if» inaenda kwa «else». Hata ukiweka nukta, 52.5, ni vile vile. Yule papa wa mufano wetu, mwenye kuzidisha masaa 7 na nusu, mashini inaandika mbele ya jina yake: «hakuna nyongeza». Franga 20.400 zimekwenda. Mwenzake mwenye kufanya masaa 52 kamili, bila nusu, analipwa vizuri. Bakikutana kwenye mulango ya biro, kila mumoja atafikiri shefu anamupenda huyu na kumuchukia yule.

Kuko mubaya kupita pale. Bash iko na kabano ya pili, ya kukunja mara mbili: «[[ ... ]]». Bengi banaipenda juu haigombi ovyo. Ukiipa 52,5 na «-gt», haigombi hata kidogo. Kwake virgule ni alama ya hesabu: angalia ya kushoto, kisha chukua ya kuume. Inaacha 52, inachukua 5. Masaa makumi tano na mbili na nusu imekuwa masaa tano. Je, tano imepita 45? Hapana. «Hakuna nyongeza.» Kwenye ekra hakuna hata neno moja ya kuonya.

Kisanduku tupu nacho ni vile. Mutu alisahau kupiga pointaji asubui, ao badge yake ilikataa kwenye mulango. Pa masaa yake hapana kitu. Kabano moja inagomba na kwenda kwa «else». Kabano mbili inahesabu utupu sawa sifuri, inanyamaza, na kwenda kwa «else». Mwisho ni mumoja.

Mutasema: lakini kabano moja inagomba, mutu ataona. Kama ni batu kumi, ndiyo. Kama ni batu mia nane, maneno inapita kwenye ekra mbio sana, na mwisho karatasi yenye inatoka kwenye emprimante iko safi. Tena kuko bafundi wenye kuchoka na malalamiko ya mashini, wanaitupa kwenye shimo yenye sheli inaita /dev/null. Kitu ikiingia mule haitoke tena.

Kosa ya upande wetu nayo inatuua

Tusifikiri kama mashini inakosa paka kwa kuumiza mufanyakazi. Kuko kosa ingine yenye kuonekana tamu, lakini ni sumu kwa sendika. Mutu mwenye kuzoea hesabu ya masomo ataandika:

if [ "$saa" > 45 ]; then

Anafikiri ile alama ni «kubwa kupita». Kwa sheli, ile alama ni amri ya kumwanga maneno ndani ya fishie. Kwa hiyo sheli inaunda fishie yenye jina 45, na kabano inabakia na ulizo ingine: je, ndani ya kisanduku kuko kitu? Kuko. Basi «ndiyo». Mwenye masaa 60, ndiyo. Mwenye masaa 30, ndiyo. Kisanduku tupu peke yake njo kitajibiwa «hapana». Karibu batu bote ba liste bamezidisha!

Delege akiingia na ile liste kwenye mukutano na bakubwa ba kompani, batafungua ukurasa wa kwanza, bataona jina ya mutu mwenye alikuwa mugonjwa juma nzima, na batacheka. Kutoka siku ile, hata madai ya kweli haitasikilizwa. Juu ya ile, uandike «-gt», si ile alama.

Tujenge mulango ya tatu

Dawa iko, na si nguvu. Ya kwanza: tuhesabu kwa dakika, si kwa masaa. Dakika haina nusu. Masaa 45 ni dakika 2.700. Masaa 52 na nusu ni dakika 3.150. Ndani ya fishie tunaandika 2700 na 3150, bila nukta, bila nafasi. Yule papa wetu amezidisha dakika 450: 360 za kwanza kwa 30 kwa mia, 90 zenye kubakia kwa 60 kwa mia. Hesabu ni ile ile, lakini virgule imekufa.

Ya pili: «else» isitumike tena kwa kusema «hapana». Tuulize kila ulizo waziwazi, na «else» ibakie ya kusema «sijui»:

if [ -z "$dakika" ]; then
    echo "$jina: hakuna namba, tafuta pointaji"
elif [ "$dakika" -gt 2700 ]; then
    echo "$jina: amezidisha"
elif [ "$dakika" -le 2700 ]; then
    echo "$jina: hakuzidisha"
else
    echo "$jina: sijui, mutu aangalie"
fi

«-z» inauliza kama kisanduku ni tupu. «Elif» ni «ao kama»: ukikosa ya mbele, jaribu hii. «-le» ni «ndogo ao sawa». Sasa mutu akiandika 52,5 kwa kusahau, ulizo ya «imepita» inakosa jibu, ulizo ya «haikupita» nayo inakosa jibu, na jina inaanguka mahali pake pa kweli: «sijui, mutu aangalie». Hakuna mutu mwenye kupotea kimya. Lakini mutumie kabano moja. Na kabano mbili, 52,5 itarudia tena kuwa tano, na mashini itasema «hakuzidisha» bila haya.

Ya tatu: mujaribu skripti mbele ya kuiamini. Muipe 2640, inapashwa kusema hakuzidisha. Muipe 2700 kamili: hakuzidisha, juu sheria inalipa yenye kupita 45, si 45 yenyewe. Mutu akiandika «-ge», maana yake «kubwa ao sawa», hapa njo atakosa. Muipe 2701: amezidisha. Muipe utupu. Muipe 52,5. Muipe neno, sawa «mugonjwa». Mukipata jibu ya haki kwa zote sita, muweke liste. Mukikosa hata moja, murudie.

Maulizo ya kupeleka kwenye meza

Mutu atasema: programu ya mishahara ya kompani yetu haikuandikwa na sheli. Inawezekana kabisa. Lakini kila programu ya mishahara iko na «kama» yake, na kila «kama» iko na mulango ya mwisho kwenye kunaingia wale wote wenye mashini haikuelewa. Delege hana lazima ya kujua ile lugha. Anapashwa kujua maulizo.

Muulize: namba ya masaa inatoka wapi, kwenye badge, kwenye kaye ya shefu wa posti, ao kwenye mukono wa mutu wa biro? Muulize: inaandikwa na virgule, na nukta, ao kwa dakika? Muulize: mutu mwenye pointaji tupu, mashini inamuhesabia nini, sifuri ao inasimama? Muulize: liste ya wale wenye mashini ilikosa kuelewa inabakia wapi, na nani anaisoma mbele ya siku ya kulipa? Kama bakijibu «hakuna liste ya vile», basi mumeshajua kwenye masaa inapotelea. Muombe ile jibu iandikwe kwenye ripoti ya mukutano, na sahihi chini.

Na kwa upande wetu, kila mutu akuwe na kaye yake. Asubui uandike saa ya kuingia, jioni saa ya kutoka, na mwisho wa juma ujumulishe dakika. Mama wa nyumba ao mutoto mukubwa anaweza kushika ile kaye kama wewe unarudia na macho ya kufunga juu ya usingizi. Bulletini ikifika, muweke mbili pembeni kwa pembeni. Kama dakika za kaye na masaa ya bulletini haipatane, muje kwenye biro ya sendika na karatasi zote mbili. Karatasi moja peke yake ni maneno ya mutu mumoja mbele ya mashini. Zikiwa mbili, tunaweza kuonyesha na kidole ni juma gani, ni siku gani, na ni «kama» gani yenye ilimuangusha.